Zahabu ilitoka mbinguni, lakini mizani si yetu

Kila mtu aliyewahi kukaa siku mbili kwenye machimbo ya Kamituga, Misisi ao Mongbwalu anajua namna watu wanavyonyamaza wakati mnunuzi anapotoa mizani yake. Mchimbaji anakitazama kile kisahani kidogo bila kupumua, maana hata pumzi inaweza kupunguza bei. Mara nyingine mawe ya mizani ni sarafu za zamani na vijiti vya kiberiti. Hesabu inatajwa, mchimbaji anainamisha kichwa, anapokea feza yake, anaondoka. Hakuna mizani ya pili. Mwenye kununua ndiye mwenye kupima.

Nimeikumbuka mizani ile nilipokuwa nikisoma tena habari za mlipuko mmoja uliotokea mbali sana na Kamituga, lakini wenye uhusiano na zahabu yetu kuliko tunavyofikiri. Ulidumu sekunde mbili tu. Ulipimwa na mashine za inchi mbalimbali, na kila mmoja alilazimika kuonyesha hesabu zake mbele ya wengine. Ndugu msomaji, niruhusu nieleze kwanza namna ulivyopimwa. Kiisha nitasema kwa nini naona jambo hili linatuhusu sisi watu wa mashariki ya Kongo, tena sana.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 mwezi wa nane 2017. Kwa saa za Bukavu na Goma ilikuwa saa nane na dakika 41 za mchana. Mashine mbili kubwa za Marekani ziitwazo LIGO, moja Hanford na nyingine Livingston, zilitikiswa kwa muda wa karibu sekunde 100 na mawimbi ya mvutano. Sekunde 1.7 baada ya mtikiso huo kufika kilele chake, satelaiti iitwayo Fermi ilinasa mwanga wa gama. Ndio mlipuko ambao wataalamu wanauita GRB 170817A. Herufi tatu za kwanza ni jina la aina, na namba ni tarehe: mwaka, mwezi na siku. Hata jina lenyewe ni kama barua ya usajili.

Nini kilikuwa kimetokea? Nyota mbili zilizokufa ziligongana. Hizo ni nyota za nyutroni: kila moja ina uzito unaoshinda wa Jua, lakini upana wake ni karibu kilometa 20, yaani pungufu ya safari ya kutoka Goma mpaka Sake. Zilikuwa zikizungukana kwa muda mrefu mno, zikikaribiana pole pole, mwisho zikaingiliana. Hayo yalitokea katika galaksi iitwayo NGC 4993, umbali wa miaka-mwanga karibu milioni 130. Maana yake habari ile iliondoka kule wakati dinosaria walikuwa bado wanatembea duniani, ikafika kwetu mchana ule wa Alhamisi.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapo ndipo penye funzo.

Gama ni mwanga, lakini mwanga wenye nguvu mara maelfu, hata mara mamilioni, kuliko ule tunaouona kwa macho. Hauwezi kukusanywa kwa kioo kama cha darubini ya kawaida, unapenya. Na hewa ya Dunia inauzuia usitufikie, jambo ambalo ni heri kwetu sisi wenye ngozi. Kwa hiyo mwenye kutaka kuupima anapaswa kupanda juu ya hewa. Fermi iko juu, zaidi ya kilometa 500, tangu mwezi wa sita 2008. Ndani yake kuna vipande 12 vya fuwele inayoitwa iodidi ya sodiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya jikoni, kila kimoja na upana wa sentimeta 12.7, pamoja na vingine viwili vizito zaidi vya kunasa gama yenye nguvu kubwa. Chembe ya gama ikigonga fuwele, fuwele inatoa cheche ndogo ya mwanga wa kawaida. Kifaa kilicho nyuma yake kinaihesabu cheche ile na kupima ukali wake. Cheche kali ni gama yenye nguvu. Cheche hafifu ni gama dhaifu.

Hakuna picha hapo. Ni kuhesabu tu, mchana na usiku. Na mbingu hazinyamazi hata sekunde moja: cheche zinaingia daima kutoka kila upande, kama manyunyu juu ya mabati. Kompyuta ndogo ndani ya satelaiti inalinganisha hesabu ya sasa na hesabu ya sekunde chache zilizopita. Fuwele moja peke yake ikipiga kelele, kompyuta haisadiki. Zinapaswa kuwa mbili ao zaidi, wakati uleule. Ndipo inatoa tangazo.

Na upande mlipuko ulikotoka unajulikanaje? Fuwele zile 12 zinatazama pande mbalimbali. Iliyoelekea mlipuko inapata cheche nyingi, iliyogeuka inapata chache. Mvua ikipiga nyumba yako kwa nguvu, hauhitaji kutoka nje kujua upepo unatoka wapi. Unatazama ukuta gani umelowa. Ila jibu la namna hiyo ni la jumla sana. Eneo la mbingu ambalo Fermi ilionyesha siku ile lilikuwa kubwa mno kwa mtu kuanza kutafuta nyota moja ndani yake.

Tangazo la Fermi lilitoka lenyewe, bila mkono wa mtu, sekunde 14 hivi baada ya mlipuko. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Sekunde 14. Sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo tunajua thamani ya jambo hilo. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 wakaaji wa Goma waliona mbingu nyekundu kabla ya kusikia tangazo lolote. Mashine inayowashwa baada ya tukio ni mapambo tu. Mlipuko wa sekunde mbili haumngoji mtu atafute mafuta ya jenereta.

Na hata kule kwa wenye uwezo, siku ile walikuwa na bahati kubwa. LIGO ilipangwa kuzimwa tarehe 25 mwezi uleule ili itengenezwe: siku nane tu zilibaki. Mashine ya tatu, Virgo, iliyoko Italia karibu na Pisa, ilikuwa imeungana na zile mbili tangu tarehe moja, yaani siku 16 kabla. Nyota zilizosafirisha habari kwa miaka milioni 130 zingechelewa majuma mawili zaidi, zingekuta mlango umefungwa.

Tena haikuwa rahisi. Kwenye mashine ya Livingston kelele moja kubwa, isiyo na uhusiano na nyota, iliingia karibu sekunde moja kabla ya kilele, na kompyuta ikakataa kutoa tangazo. Ni watu waliofungua michoro wakatazama kwa macho yao, wakaona mstari mzuri wa mawimbi ukipanda nyuma ya kelele ile. Ni Fermi iliyowafanya watazame kwa haraka namna ile. Na Virgo? Virgo karibu haikusikia kitu. Hapo mtu mvivu angeandika “mashine ya tatu haikuthibitisha” na kwenda kulala. Wao walijiuliza: kwa nini haikusikia, na ilikuwa nzima? Kila mashine ya namna ile ina pande za mbingu ambako inasikia vibaya sana. Basi mlipuko ulitoka karibu na upande ambako Virgo ni kiziwi. Kunyamaza kwake kukawa ushahidi. Walipounganisha sauti mbili na ukimya mmoja, eneo la kutafuta likapungua mpaka digrii za mraba 28 hivi. Bado ni pakubwa, miezi mipevu zaidi ya 100 ingeenea hapo, lakini ni eneo la kutafutika.

Satelaiti ya Ulaya iitwayo INTEGRAL nayo ilinasa gama ileile. Jambo la kupendeza ni kwamba kilichoinasa kwa INTEGRAL kilikuwa kinga: ukuta wa fuwele uliowekwa kuzunguka chombo kingine ili kukilinda na kelele. Mlinzi wa mlango ndiye aliyemwona mgeni. Kwa hiyo Wamarekani hawakuweza kuambiwa kwamba wamejitungia habari. Kulikuwa shahidi mwingine, wa bwana mwingine, mwenye saa yake mwenyewe.

Saa hizo ndizo zilizoleta tunda la kwanza. Mawimbi ya mvutano na mwanga vilisafiri njia moja kwa miaka milioni 130, vikafika vikiachana kwa sekunde 1.7 tu. Pengine hata sekunde hizo zilipotelea kule kule kwenye mlipuko, si njiani. Kwa hesabu hiyo, mwendo wa viwili hivyo hauwezi kutofautiana hata kwa sehemu moja ya milioni bilioni. Nadharia kadhaa zilizoandikwa na watu wenye diploma ndefu zilianguka siku moja, kwa sababu ya saa mbili zilizowekwa sawa.

Kuhusu urefu wa mlipuko wenyewe, nako kuna la kusema. Tangu mwaka 1993 wataalamu wanagawanya milipuko ya gama katika makundi mawili: mifupi, isiyofika sekunde mbili, na mirefu, inayopita hapo. Ili kupima urefu hawahesabu toka cheche ya kwanza mpaka ya mwisho, maana hakuna anayejua ni ipi. Wanaondoa asilimia 5 za mwanzo na asilimia 5 za mwisho, wanapima muda uliobaki. Mifupi ilidhaniwa kuwa migongano ya nyota za nyutroni, mirefu kuwa vifo vya nyota kubwa. Mlipuko wa 2017 ulipimwa sekunde mbili, na nusu sekunde ya mashaka huku na huku. Yaani ulikaa juu ya mpaka kabisa! Kama si mawimbi ya mvutano, watu wangebishana mpaka leo. Na mpaka wenyewe umekuja kutikisika. Mwezi wa nane 2020 ulipatikana mlipuko wa karibu sekunde moja uliotoka kwenye nyota kubwa iliyokufa. Mwezi wa kumi na mbili 2021 ulipatikana mwingine wa karibu dakika moja, wenye alama zote za mgongano. Hakuna aliyeona haya kusema kwamba kipimo cha zamani hakitoshi tena.

Saa kumi na moja hivi baada ya tangazo, giza lilipoingia Chile, darubini iitwayo Swope, yenye kioo cha mita moja tu, iliona nukta mpya pembeni ya NGC 4993. Kwa wataalamu wa darubini hicho ni kioo kidogo. Usiku uleule wengine nao waliiona. Siku iliyofuata darubini SALT, iliyoko Sutherland huko Afrika Kusini, iliugawanya mwanga wa nukta ile katika rangi zake, ikawa kati ya za kwanza kufanya hivyo. Kule Namibia, darubini za HESS zilikuwa zimekwisha kugeuzwa upande ule jioni ya kwanza. Ninataja hayo kwa makusudi, kwa ajili ya wale wanaosema hizo ni kazi za Wazungu.

Nukta ile ilianza ikiwa ya buluu, kwa siku chache ikageuka nyekundu, kiisha ikafifia. Namna ilivyobadilika ilionyesha kwamba mgongano ulitupa nje mata nyingi iliyojaa elementi nzito. Ndipo magazeti ya dunia yakaandika kwamba zahabu imeonekana ikizaliwa.

Hapana, zahabu haikuonekana. Hakuna aliyeona mstari wa zahabu ndani ya mwanga ule. Walichoona ni joto na rangi, na kwa hesabu wakakadiria elementi nzito ni kiasi gani. Ndani ya makadirio hayo wengine walipata zahabu yenye uzito unaopita Dunia yetu mara kadhaa. Mwaka 2019 wataalamu waliorudia data zile walitambua elementi moja kwa jina, nayo ni stronti, si zahabu. Na zahabu ya Kamituga haikutoka kwenye mlipuko wa 2017, maana ilikuwa ndani ya vumbi lililofanya Jua na Dunia miaka bilioni 4.6 iliyopita. Ilitoka kwenye milipuko ya namna hiyo iliyotangulia, kwa sehemu kubwa, kama wengi wanavyoona leo. Sehemu nyingine huenda ilitoka kwenye nyota zenye sumaku kali: mwaka 2025 watafiti walirudia data za mlipuko wa nyota kama hiyo wa tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2004, wakaona kwamba alama moja ambayo hakuna aliyeielewa wakati ule ililingana na elementi nzito zikizaliwa. Data hizo zilikaa kwenye hifadhi miaka 20, safi, zikimngoja mtu wa kuzisoma. Ni ofisi ngapi kwetu zinaweza kutoa daftari la mwaka 2004?

Nilisema jambo hili linatuhusu. Zahabu ni mlango mmoja. Mlango mwingine ni mzito zaidi.

Milipuko hii iligunduliwa kwa bahati tu. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovyeti walikubaliana kuacha majaribio ya mabomu ya atomiki angani, ndani ya bahari na nje ya Dunia. Kwa kuwa hawakuaminiana, Marekani ilirusha satelaiti za Vela kuchungulia kama kuna anayelipua kwa siri, maana bomu la atomiki linatoa gama. Tarehe 2 mwezi wa saba 1967 satelaiti hizo zilinasa gama ambayo haikufanana na bomu. Wataalamu wa maabara ya Los Alamos walilinganisha dakika na sekunde ambazo kila satelaiti ilipokea mwanga, wakajua hautoki duniani wala kwenye Jua. Mwaka 1973 walitangaza milipuko 16.

Los Alamos ni mahali gani? Ni pale pale bomu la Hiroshima lilipotengenezwa. Na urani ya bomu lile, sehemu kubwa yake, ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, huku Katanga. Union Minière ilikuwa imepeleka tani karibu 1,200 za mawe yake New York tangu mwaka 1940. Mikono ya Wakongomani iliyachimba mawe yale, mingi bila glovu, bila kuambiwa ni mawe ya nini. Bomu likaleta mkataba, mkataba ukaleta satelaiti, satelaiti ikaona milipuko ya gama, na milipuko ikatuonyesha njia moja ambayo zahabu inazaliwa. Zahabu nayo iko Kamituga, inachimbwa na mikono ileile. Tuko mwanzo wa hadithi, tuko mwisho wake. Katikati, pale panapopimwa, hatupo.

Msomaji asifikiri kwamba lugha yetu ni ngeni katika kazi hii. Satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksi ya mbinguni ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, karibu na Malindi, tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Wamarekani waliipa jina Uhuru. Na kituo cha Waitalia kilichoko Malindi kimekuwa kikipokea data za satelaiti Swift, inayowinda milipuko ya gama tangu mwaka 2004. Tarehe 9 mwezi wa tano 2005 Swift ilinasa mlipuko mfupi usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, ikageuka haraka, ikakusanya chembe 11 tu za mionzi ya eksi kutoka mahali pale. Kumi na moja, unaweza kuzihesabu kwa vidole vya watu wawili. Kwa chembe hizo, kwa mara ya kwanza, watu walijua kwa ukaribu mahali ambapo mlipuko mfupi ulitokea. Lakini kupangisha kiwanja cha kuweka antena si sawa na kuwa mwenye antena, na Wakenya wenyewe wamekuwa wakilisema jambo hilo kwa miaka mingi.

Nasi tulianza mapema. Mwaka 1959 Kinshasa, ikiitwa bado Léopoldville, ilipata kinu cha nyuklia cha kwanza katika Afrika yote. Karibu na Bukavu, Lwiro ilikuwa na mashine za kupima matetemeko ya inchi wakati majirani wengi hawakuwa nazo. Hatukukosa mwanzo.

Kabla ya kuandika magazetini nilifundisha fizikia kwa miaka kadhaa. Shule sitaitaja, haina kosa la peke yake. Nilikuwa nikichora ampèremètre ubaoni kwa chaki. Wanafunzi waliinakili vizuri sana, wengine kwa rangi mbili, na kwenye mtihani wa serikali waliandika formula bila kosa. Hakuna aliyewahi kuishika moja. Siku moja niliwaambia kwamba mwendo wa mwanga ni kilometa 300,000 kwa sekunde. Kijana mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, nani alipima?” Nilimjibu kwamba imeandikwa kitabuni. Nilijua wakati ule ule kwamba nimemnyima kitu. Baba yake alikuwa mchimbaji, na nyumbani kwao swali la nani alipima lilikuwa swali la chakula.

Ninajua nitakalojibiwa. Watu wanakimbia vita, watoto wanalala njaa kambini, wewe unatuletea habari za nyota. Jibu hilo ninaliheshimu, na anayelala kwenye hema sina la kumwambia juu ya NGC 4993. Lakini naona ni kosa kudhani kwamba kupima ni anasa ya wakati wa amani. Sehemu ya shida yetu ndiyo hiyo: kila hesabu yetu ina mwenyewe mmoja. Gramu za zahabu zinatajwa na anayenunua. Idadi ya waliokufa inatajwa na upande mmoja, upande wa pili unataja nyingine, na hakuna INTEGRAL ya kuuliza. Zahabu inayovuka mipaka yetu inapimwa kwa uaminifu kule inakofika, si inakotoka.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Data za Fermi ni bure. Mtu yeyote duniani mwenye intaneti anaweza kuzichukua, pamoja na cheche za zile sekunde mbili, moja moja, na saa zake. Matangazo ya milipuko nayo yanatumwa bure kwa anayejiandikisha. Mwanafunzi wa Bukavu, Butembo ao Bunia mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuchora mwenyewe mlipuko wa tarehe 17 mwezi wa nane 2017, apime urefu wake, aone kama anapata sekunde mbili ao la. Hakuna bwana wa kuomba ruhusa kwake. Kinachokosekana ni umeme wa saa tatu mfululizo, megabaiti chache, na mwalimu ambaye mwenyewe amewahi kuonyeshwa.

Kwa hiyo ninachodai si darubini. Vyuo vyetu vikuu vya mashariki vina idara za fizikia na vina wanafunzi wanaomaliza miaka yote bila kugusa data moja ya kweli. Idara hizo zijiandikishe kwenye matangazo hayo mwaka huu, si mwaka kesho, na kazi moja ya mwisho wa masomo iwe ya kupima mlipuko mmoja. Mwanafunzi aliyekwisha kutenganisha cheche za nyota na kelele za mbingu hatashindwa na mashine ya kutikisika kwa ardhi, wala na hesabu za mgodi. Na wakuu wa majimbo wanaopenda kuzungumzia kusafisha biashara ya zahabu waanze na jambo dogo: kila penye mnunuzi, iwepo mizani ya pili isiyo yake, mchimbaji apite hapo kwanza, namba iandikwe kwenye daftari linalobaki. Wenye biashara watalalamika. Mtu ambaye mizani yake ni nzuri, mizani ya jirani inamwogopesha nini?

Fermi inanasa milipuko karibu 240 kila mwaka, na karibu 40 kati yake ni mifupi. INTEGRAL haiko kazini tena, ilimaliza kupima mwezi wa pili 2025 baada ya miaka 22. Yule kijana wa ubaoni nilikutana naye mwaka jana sokoni. Anauza kadi za telefone, na ndani ya telefone yake ana programu ya kupima uzito wa matofali kwenye lori, aliyoitengeneza mwenyewe. Nilimwambia habari za data zile za bure. Aliniomba niandike anwani nyuma ya kadi, akaniuliza zina ukubwa wa megabaiti ngapi.